Jinsi ya Kubuni Maana ya Uongo Inayoaminika Kuliko Kamusi

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Msimamizi anachagua neno gumu, kila mchezaji anaandika maana ya kubuni, msimamizi anaandika ile ya kweli, kisha zote zinasomwa na watu wanapiga kura. Aliyeotea ya kweli anapata alama. Uliyemdanganya naye anakupa alama. Mimi huuendesha hapa Kisumu jioni ambazo stima imepotea, na haya ndiyo ninayowafunza wageni wa mchezo.

Hatua ya 1: Chagua neno. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu popote. Ruka miti, ndege na samaki, kwa sababu maana huwa "aina ya mti" basi, na hakuna cha kubuni. Mezani pakiwa na mtu wa Lamu, mpe kazi ya kusimamia, la sivyo atawamaliza.

Hatua ya 2: Sikiliza neno linafanana na nini. Uongo mzuri huanzia kwenye sauti. Chukua *chelezo*. Sikio linasikia "eleza", kwa hiyo, kwa vifupisho vya kamusi (nm ni nomino, vy- ni mwanzo wa wingi, ki-/vi- ni ngeli):

*chelezo* nm vy- [ki-/vi-] kisingizio cha mvuvi aliyerudi ufuoni bila samaki, hasa kinachotaja gugumaji.

Pale Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, ungepata mashahidi. Kumbe chelezo ni kitu kinachoelea majini, kama boya. *Kizibao* nacho kinasikika kama kuziba na ubao kwa pamoja:

*kizibao* nm vi- [ki-/vi-] ubao unaolazwa kati ya viti vya matatu ili abiria wa ziada apate pa kukalia.

Hii hupigiwa kura mno, hasa na watu wa mtaa wa Kondele. Ya kweli ni kikoti kisicho na mikono.

Hatua ya 3: Andika kwa uso mkavu. Hapa ndipo wengi huanguka. Kamusi haicheki, haishangai, haisemi "yule jamaa". Huanza na jamii ya kitu: kifaa cha, hali ya, mtu ambaye. Tuseme neno ni *kunguwaa*. Mchezaji mbichi ataandika: "Ni ile siku unaona kapu la harambee linakuja halafu unajifanya umelala, ha ha!" Mzoefu ataandika (kt ni kitenzi, sie ni si elekezi):

*kunguwaa* kt [sie] sinzia ghafla kapu la mchango linapokaribia.

Maneno machache, mzaha uleule, ila sasa mtu anasita. Angalia pia kwamba kitenzi kimefafanuliwa kwa kitenzi. Ukifafanua kitenzi kwa nomino, mwalimu yeyote wa Kiswahili aliye mezani atakunusa papo hapo.

Hatua ya 4: Kichekesho kimoja tu, na kikae mwisho. Viwili vinapigana. Kikija mwanzoni, kilichobaki hakisikiki.

Hatua ya 5: Kusoma. Msimamizi akusanye karatasi, arekebishe tahajia, azinakili zote kwa mwandiko wake, kisha azipitie kimoyomoyo kwanza. Akicheka katikati, maana hiyo imekufa. Ya kweli isisomwe ya mwisho kila mara. Watu wa huku wana macho.

Ya kuanzia: *shubaka*, *susu*, *dohani*, *tumbuu*. Andika zako kabla ya kufungua kamusi.