Kupanda Mlima Rungwe kwa Njia ya Msituni

Wageni wengi wanaotoka Mbeya mjini huishia Ziwa Ngozi, na Mlima Rungwe, wenye kimo cha takribani mita 2,960, huutazama tu kupitia dirisha la gari wakielekea Tukuyu. Ndiyo sababu njia zake ni tulivu. Lakini njia isiyokanyagwa kila siku huzibwa upesi na majani, kwa hiyo inadai maandalizi ya kweli.

Panda wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa kuwa miteremko ya kusini ya mlima huu hupata mvua nyingi mno na udongo wake ukilowa huteleza vibaya. Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hivyo pata kibali kabla ya kuingia, kisha tafuta mwongozaji mwenyeji wa vijiji vya pembeni, kwa mfano Isongole ukipandia upande wa kaskazini. Gharama ya mwongozaji usiikwepe. Niliwahi kutangulia mbele ya wenzangu nikifuata njia iliyoonekana safi kabisa katikati ya mianzi, nikatembea karibu nusu saa, hadi mwenyeji wetu alipotuita na kunionyesha visiki vilivyokatwa mshazari, bado vyeupe: ile ilikuwa njia ya wakata mianzi, na mbele yake hapakuwa na kitu. Tangu siku hiyo, kila njia inapogawanyika husimama nikasubiri.

Vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi, kwani siafu hupita njiani kwa misururu na hawaonekani vizuri penye giza la miti. Viatu viwe na soli yenye meno. Beba koti la mvua, sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki, tochi, na chakula kisichoharibika kwa kubanwa. Mimi hupenda viazi vya kuchemsha na karanga.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kivuli huficha kiu na huficha saa. Kwa kuwa jua halikupigi, utasahau kunywa maji ilhali unatokwa na jasho, na jasho hilo halikauki, bali hukugeukia baridi mara tu unapoketi kupumzika. Basi kunywa kidogo kidogo, angalau lita mbili kwa siku nzima, na uvae sweta kabla hujaanza kutetemeka. Vilevile chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko kule mashambani. Anza kupanda saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa saba mchana geuza, hata kama kilele unakiona, maana kushuka kwenye mizizi yenye utelezi huchosha magoti na hakufai kufanywa mbiombio.

Tembea kimya. Msitu huu ni makazi ya kipunji, tumbili ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005, na ambaye yumo katika hatari ya kutoweka. Matawi ya juu yakitikisika, simama palepale, usipige mluzi wala kumrushia chakula, na maganda yako yote uyarudishe mfukoni.