Jinsi ya Kuseti Paneli ya Mashine ya Kuchomelea kwa TIG na kwa Fimbo

Kabla ya kugusa kitufe chochote, hakikisha nyaya zimeunganishwa kulingana na kazi, kwa sababu hakuna mpangilio wa paneli utakaosahihisha nyaya zilizogeuzwa. Kwa TIG (kuchomelea kwa ncha ya tangisteni isiyoyeyuka, inayolindwa na gesi ya argoni) ya umeme wa DC, yaani unaotiririka upande mmoja, tochi huwekwa kwenye tundu hasi na kibano cha ethi kwenye tundu chanya. Kwa fimbo nyingi za kuchomelea (elektrodi), hususan aina ya E7018, kishikio cha fimbo huhamia upande chanya.

Washa mashine, kisha chagua njia ya kuchomelea. Kwa fimbo, jambo kubwa ni ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme: fimbo ya E6013 ya milimita 2.5 huhitaji takriban ampea 60 hadi 90.

TIG ndiyo inayodai uangalifu. Swichi ya tochi ina njia mbili za kutumika, 2T na 4T. Katika 2T, mkondo hutoka wakati wote unapobana swichi ya tochi. Katika 4T unabana na kuachia ili kuanza, kisha unabana na kuachia tena ili kumaliza, jambo linalopumzisha kidole kwenye mshono mrefu. Weka muda wa mkondo kushuka polepole, maana ukikatika ghafla huacha kishimo kinachoweza kuanzisha ufa. Muda wa gesi baada ya kuchomelea usiupunguze kwa nia ya kubana matumizi: kadiria sekunde 1 kwa kila ampea 10, na usiondoe tochi hadi argoni ikome, la sivyo tangisteni na mshono ambao bado ni wa moto vitaharibiwa na hewa.

Taa ya onyo la joto kupita kiasi ikiwaka, usizime mashine. Iache ili feni iendelee kuipoza.