Jinsi ya kusoma majibu ya saratani ya titi

Karatasi ya majibu ya kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya jibu la swali ambalo kila mgonjwa hujiuliza: je, nitapona? Omba nakala yako, kisha uisome pamoja na daktari.

Anza na hatua ya ugonjwa. Uvimbe usiozidi sentimita 2, ambao haujafika kwenye tezi za kwapani, una matumaini makubwa kuliko uliovuka sentimita 5 au uliokwisha kuingia kwenye tezi kadhaa. Hatua ya 4, yaani ugonjwa uliofika kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo, kwa kawaida haiponi kabisa, ingawa tiba huweza kuudhibiti, wakati mwingine kwa miaka. Usiichanganye hatua na daraja, linaloandikwa 1 hadi 3 kuonyesha ukali wa seli.

Kisha tafuta ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani) na HER2 (protini inayochochea seli hizo kukua), mahali ambapo wengi, kwa bahati mbaya, hupapita haraka. ER ikiwa chanya, vidonge kama tamoksifeni, ambavyo humezwa kwa miaka 5 au zaidi, hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. HER2 ya 3+, yaani chanya, ina dawa yake, trastuzumabu. Ikiwa 2+, jibu halijakamilika, hivyo ulizia kipimo cha pili. Zote tatu zikiwa hasi, ugonjwa huwa mkali zaidi, na tibakemikali huwa ndiyo nguzo.

Kukatiza tiba hupunguza matumaini hayo. Ukikosa nauli, mwambie muuguzi kabla ya tarehe ya dozi inayofuata.