Jinsi ya Kupunguza Michirizi ya Chuma kwenye Picha za CT

Mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia pande zote mbili anapopimwa kwa CT, yaani mashine ya eksirei inayozunguka mwili na kuupiga picha kipande kwa kipande, kibofu chake mara nyingi hufunikwa na mkanda mweusi unaotoka chuma hiki hadi kile, huku michirizi myeupe ikitawanyika pembeni. Chuma hufyonza kwanza miale ya eksirei yenye nishati ndogo na kuacha ile kali ipite, na kompyuta isiyozingatia badiliko hilo hukokotoa vibaya. Chuma kikiwa kinene, miale inayofika kwenye vitambuzi huwa haba na picha hujaa chenga.

Kazi huanza kabla ya kuwasha mashine. Vua mkufu, hereni, mshipi na meno bandia yanayotoka, kisha uliza au soma kwenye faili kipandikizi ni cha madini gani, kwa kuwa titani, yenye namba ya atomu 22, husumbua kidogo kuliko chuma cha pua au mchanganyiko wa kobalti na kromi. Mkao wa mgonjwa una uzito kuliko wengi wanavyodhani: ikiwa sahani na skrubu ziko kifundoni mwa mkono, mkono unyooshwe juu ya kichwa ili kiwiliwili kisiwe njiani mwa miale, na upande mrefu wa chuma usilale sambamba na vipande vya picha.

Volteji ya mrija unaotoa eksirei ipandishwe kutoka kilovolti 120 hadi 140, ukikumbuka kwamba dozi ya mionzi nayo hupanda, jambo linalohitaji tahadhari hasa kwa watoto. Kuongeza miliampia (kipimo cha mkondo wa umeme wa mrija, yaani wingi wa miale) peke yake hupunguza chenga, lakini mkanda mweusi hubaki palepale.

Data ikusanywe kwa vipande vyembamba vya chini ya milimita 1, kisha picha za tishu laini ziundwe kwa milimita 2 au 3 na kichujio laini (hesabu ya kompyuta inayolainisha au kunoa picha), maana kichujio kikali hunoa michirizi pamoja na mfupa. Mizani ya kawaida ya Hounsfield, inayopima jinsi kitu kinavyozuia eksirei, huishia 3071, hivyo anayetaka kuona ndani ya chuma chenyewe atumie mizani iliyopanuliwa na dirisha pana (upana wa namba za mizani zinazoonyeshwa kwa rangi ya kijivu) la 3000 hadi 4000.

Mashine yenye nishati mbili, yaani inayopima kwa eksirei za viwango viwili vya nishati, huweza kutoa picha za kukokotolewa za nishati moja, kati ya keV (kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati ya miale) 110 na 150, ambazo hupunguza mkanda huo vizuri, ila dawa ya iodini inayodungwa ili mishipa ionekane hufifia humo, kwa hiyo mishipa ya damu isisomwe kwa picha hizo pekee.

Programu ya kusahihisha chuma, inayojaza data iliyoharibika kwa makadirio ya data ya jirani, naiweka mwisho kwa makusudi. Husafisha sana eneo la nyonga, lakini kwenye skrubu za uti wa mgongo inaweza kufuta kingo za chuma au kuonyesha mfupa kana kwamba umelika, na daktari akadhani skrubu imelegea. Kwa sababu hiyo, picha zilizosahihishwa na zile za asili zitumwe pamoja, kila seti ikiwa na jina linaloitofautisha na nyingine.