Mshipi wa mkono ukutani Forodhani
Fimbo ya kuvulia sina. Mshipi nauzungushia chupa ya maji, basi. Njoo maji yakiwa yanajaa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, yakishakupwa utavua mchanga.

Chambo nanunua ngisi sokoni Darajani. Kata ukanda mwembamba kama kidole cha mtoto, uchome mara mbili, ncha ya ndoana ibaki nje kidogo. Wengi hutia bonge. Samaki wanadonoa pembeni wanaondoka, nawe umekaa unasubiri. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, iwe nyepesi, nati ya baiskeli yatosha. Ikifika chini, inua shibiri moja: kuna mawe na kamba za mashua, na wiki iliyopita yamenila ndoana tatu. Laza mshipi juu ya kidole cha shahada. Akidonoa, tulia. Ukivutwa mfululizo, hapo kaza.

Tasi mkanyage kwa kandambili kabla ya kumtoa ndoana, miba yake ina sumu. Ukichomwa, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoyastahimili. Bunju mrudishe baharini, sumu yake haiishi kwa kupikwa. Na kabla ya kurusha tazama nyuma, jioni watoto wamejaa hapo wanapiga mbizi.