Kumsaidia mgonjwa wa TB au HIV aache sigara

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Langoni, Lamu. Nafuatilia wanaotumia dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya HIV, na wanaume wengi mikononi mwangu huvuta. Kwangu mimi, wakati wa kutumia dawa ndio wakati wa kuacha sigara. Mtu tayari ana saa yake ya kumeza, ana wa kumsimamia nyumbani, ana tarehe ya kliniki. Sigara iingize humo humo.

Muulize faragha. Barazani mbele ya wenzake, usithubutu. Mimi huuliza mawili: kwa siku unavuta ngapi, na ukiamka unakaa muda gani kabla ya kuwasha ya kwanza? Anayewasha ndani ya nusu saa ameshikwa hasa. Huyo nasaha peke yake haimtoshi. Kila ukimwona uliza tena, hata akichoka kukusikia.

Mweleze linalomgusa yeye. Mwenye TB, moshi huchelewesha makohozi kusafika, kwa hiyo kile kipimo cha mwezi wa pili anachokingoja kinaweza kurudi bado kina vijidudu. Na hata akipona, mvutaji huwa karibu zaidi na kuugua tena. Mwenye HIV anayemeza dawa zake sawasawa, tafiti za Ulaya na Marekani zimeonyesha sigara yaweza kumkatia miaka mingi kuliko virusi vyenyewe. Hapa ndipo watu hunyamaza na kunitazama.

Kisha chagueni siku, isizidi wiki mbili mbele. Ramadhani ikikaribia, itumieni: mchana hakuna sigara, kazi inabaki baada ya futari. Pangeni mapema atakuwa wapi na nani kabla ya tarawehe.

Siku za mwanzo ni nzito. Arosto, yaani mwili kudai sigara uliyoizoea, humfanya mkali, usingizi ukakatika, kichwa kikauma. Kwa ruhusa yake, waambie watu wa nyumbani kabla, wasije wakasema dawa za TB zinamharibu akili na kumshauri aziache. Hilo naliogopa kuliko lolote. Kikohozi nacho huweza kuzidi kwa wiki chache. Lakini akitema damu, akipata homa au akizidi kukonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na miraa, nduyangu, usiiruke. Sigara nyingi za hapa huwashwa kwenye kikao cha alasiri, na anayekaa kikaoni akasema hatavuta anajitesa. Mwezi wa kwanza akae mbali na kikao hicho, atafute shughuli ya saa ile ile.

Aliyeshikwa sana anafaa kupata plasta ya kubandika au chingamu ya nikotini, ile iliyomo kwenye sigara inayomshika mtu. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Chingamu wengi huitafuna vibaya, mfululizo, wakapata kwikwi na kichefuchefu, wakaitupa. Mla miraa huelewa haraka ukimwambia aiweke shavuni kama takisini, lile bonge la miraa: atafune polepole mpaka asikie ukali, aipachike kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha atafune tena, kwa nusu saa hivi. Asinywe kahawa robo saa kabla wala wakati anatafuna, kwa sababu kahawa huzuia nikotini kupenya mdomoni. Kwa watu wa kahawa chungu kama sisi, hili nalirudia kila mara.

Vidonge vya bupropion, navyo vya kusaidia kuacha sigara, visinunuliwe bila daktari kujua dawa nyingine anazomeza. Rifampisini ya TB huvipunguza nguvu.

Akirudi kuvuta, muulize ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani, rekebisheni hapo, wekeni siku nyingine. Dawa zake ameze vilevile, avute asivute. Wapo wanaokwepa kliniki kwa aibu ya sigara, kwa hiyo neno hilo mwambie mapema, siku ya kwanza mnapozungumza.