Lavenda nyeupe fupi: mambo ya kuandaa kabla ya kuipanda

Mara nyingi lavenda, kichaka kidogo chenye majani na maua ya kunukia, haifi kwa kiu, bali kwa mizizi kulala majini wakati wa baridi. Ukilishika hilo, maandalizi mengine yote yatakuwa mepesi kuyaelewa. Naandika hasa kwa ajili ya wenzetu wanaoishi mashariki mwa Uingereza, kule Essex, Suffolk na Cambridge, ambako mvua ni haba na bustani nyingi zina kona ya jua kali ambayo nyasi hukauka kila Julai. Kona hiyo ndiyo mahali pa lavenda. Walioko nyumbani Afrika Mashariki nitawageukia mwishoni, maana hali yao ni nyingine.

Kwanza soma lebo vizuri, jina lote. Lavenda nyeupe zipo za aina kadhaa na urefu wake unatofautiana sana. Inayobaki fupi kweli ni Lavandula angustifolia 'Nana Alba', ambayo huishia kama sentimita 30, na inafaa ukingo wa njia au mbele ya maua marefu. 'Arctic Snow' hufika nusu mita hivi. 'Edelweiss' ni chotara mkubwa zaidi, na ukiipanda kando ya njia nyembamba itakufanya upite upande upande. Ipo pia Lavandula stoechas yenye maua meupe, ile ambayo juu ya suke ina vijani kama masikio ya sungura. Inapendeza, ila haivumilii baridi kama wenzake na haipendi udongo wenye chokaa. Mimi kwa bustani kavu ya Uingereza ningechagua 'Nana Alba' bila kusita.

Usitegemee mbegu. Mbegu za 'Nana Alba' hazihakikishi mche ulio mfupi wala mweupe kama mama yake. Nunua mche uliotokana na kipandikizi, au muombe jirani mwenye kichaka kizuri akukatie vipande vya sentimita 7 hadi 10 wakati wa kiangazi, uvioteshe kwenye mchanga uliochanganywa na mboji.

Kabla ya kununua chochote, lipeleleze jua. Lavenda inataka angalau saa 6 za jua la moja kwa moja kwa siku. Wengi hupima mwezi Juni, wakati jua liko juu na kila kona inaonekana ina mwanga. Angalia pia Machi na Oktoba, uone kivuli cha uzio au cha nyumba ya jirani kinaangukia wapi. Sehemu yenye kivuli miezi yote ya baridi hubaki na unyevu, na unyevu huo ndio adui.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Karibu na mji wa Colchester, Essex, katika kijiji cha Elmstead Market, ipo bustani ya changarawe ya Beth Chatto, mtunza bustani mashuhuri aliyefariki mwaka 2018. Aliianza mapema miaka ya 1990 mahali palipokuwa maegesho ya magari, kwa nia ya kupanda mimea isiyohitaji kumwagiliwa. Eneo lile hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka, kiasi kisichopishana sana na cha Dodoma. Lakini mvua ya Dodoma hunyesha miezi michache ya joto, halafu ardhi inakauka kabisa. Ya Essex hugawanyika mwaka mzima, na ile ya Desemba na Januari huangukia udongo baridi ambao haukauki haraka. Lavenda ya bustani asili yake ni miteremko ya milima ya kusini mwa Ufaransa na nchi jirani, penye mawe na chokaa, ambako maji hayatuami. Baridi inaivumilia, ila baridi yenye majimaji huozesha mizizi yake.

Kwa hiyo chimba shimo la kina cha sentimita 30 pale unapotaka kupanda. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na uangalie saa. Maji yakishuka sentimita 2 na nusu hadi 5 kwa saa, udongo wako unafaa. Ukikuta maji bado yamo shimoni kesho yake, usipande hapo hivi hivi. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa ardhi, ukichanganya udongo na kokoto ndogo kwa wingi. Nasisitiza kokoto. Mchanga laini kidogo ukiutia kwenye udongo wa mfinyanzi hausaidii, na unaweza kuufanya udongo mgumu zaidi ulivyokuwa. Kama kutengeneza tuta kunakushinda, tumia chungu cha udongo wa kuchoma chenye matundu makubwa chini, ukijua kwamba kichaka cha chungu kitahitaji kumwagiliwa kila kiangazi hata kikizeeka.

Samadi iache. Mtu aliyekulia shambani mkono wake huenda wenyewe kutia samadi kwenye shimo la kupandia, na kwa mgomba au mpapai ni jambo jema. Lavenda ikila vizuri hutoa majani mengi laini, hulala chini na maua hupungua. Pima pia pH ya udongo, yaani kiwango cha tindikali yake; vipimo vidogo huuzwa madukani. Kati ya 6.5 na 8 ni sawa. Udongo ukiwa na tindikali, ongeza chokaa ya bustani kidogo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Juu ya udongo tandaza changarawe, wala si magome ya miti, ili shingo ya mmea ibaki kavu.

Idadi ya miche haina shida: kwa uzio mfupi uliofungana, acha sentimita 30 kati ya mche na mche, yaani kama miche 10 kwa mita 3. Ukitaka kila kichaka kijitegemee, acha 45. Dukani mchomoe mche kwenye kikopo uone mizizi. Iwe myeupe na imara. Iliyojizungusha na kujikaza kama kamba uiache. Pindua majani pia. Ukiona wadudu wadogo wa kijani king'aacho wenye mistari ya zambarau, ndio wanaokula lavenda na rozmari, na huokotwa kwa mkono.

Panda mwishoni mwa Aprili au Mei, udongo ukishapata joto. Na hapa kuna hesabu inayotuhusu sisi hasa: kiangazi cha kwanza mche unahitaji maji ya kutosha kila wiki mvua isiponyesha, na Julai na Agosti ndio miezi tunayosafiri na watoto kwenda nyumbani. Mwaka wa kupanda, tafuta mapema mtu wa kumwagilia. Kuanzia mwaka wa pili iliyo ardhini haihitaji.

Agosti ndio wakati wa kupogoa pia, na maua meupe hayakusubiri. Ya zambarau yakinyauka hayaonekani sana, lakini meupe hugeuka kahawia na kichaka kizima huonekana kichafu. Andaa mkasi mkali. Kata mashina ya maua pamoja na sentimita 2 au 3 za majani, ukikipa kichaka umbo la mviringo. Usishuke hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwa sababu hapo hauchipui tena. Asiyekuwa tayari kwa kazi hii ya kila mwaka atakuwa na kichaka kilichopasuka katikati baada ya miaka michache. Faida yake ni kubwa: nyuki hujaa mchana, na jioni, giza linapoanza kuficha rangi nyingine, nyeupe huendelea kuonekana.

Ndugu mlioko nyumbani, 'Nana Alba' itawapa majani yenye harufu nzuri lakini maua kwa shida. Inahitaji majira ya baridi, halafu siku ndefu. London mwezi Juni mchana hupita saa 16, Nairobi haubadiliki sana kutoka saa 12. Nyanda za juu zenye ukavu kiasi, kama Nanyuki au Arusha, jaribuni Lavandula dentata, yenye majani yenye meno kama msumeno. Haidai baridi ili itoe maua, ingawa nyingi ni za zambarau. Mombasa na Dar es Salaam, kwa unyevu ule wa hewani, sipendekezi.

Na asiyekuwa na kibali asibebe mche kwenye sanduku. Lavenda ni mojawapo ya mimea inayobeba bakteria wa Xylella fastidiosa, waliogunduliwa kwenye mizeituni ya Puglia, Italia, mwaka 2013, na bakteria huyo hushambulia kahawa pia. Kibali cha kuingiza mimea hutolewa na mashirika ya serikali ya afya ya mimea, Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, na huombwa kabla mche haujaondoka ulikotoka.